Zisome Namba Kabla ya Kununua Stata

(Hotuba hii ilitolewa na fundi wa magari kwa vikundi vya kujisaidia vilivyokusanyika kwa siku ya mafunzo. Tumeichapa karibu kama alivyoisema, kwa sababu vikundi kadhaa vina gari la zamani ama vinafikiria kununua moja.)

 

Nimeambiwa niongee juu ya magari ya zamani, yale ambayo vikundi vyetu hununua kwa sababu bei yake yaweza kufikiwa. Sitaongea juu ya magari yote. Nitaongea juu ya Land Rover, zile za zamani tunazoita Series, kwa kuwa ndizo nilizokua nazo, na ndizo bado mnaziona zikibeba maziwa, mbao, na wagonjwa huko barabara zinakoishia. Hebu tuanze na huu mkono wangu. Mwauona kifundo kilivyopinda? Nitawaambia kilivyopinda, na mkishasikia mtajua kwa nini nimekuja na chaki, kitambaa na chupa ya mafuta ya taa badala ya kuja na vitabu.

Kulikuwa na kikundi kimoja upande wetu, akina mama wengi na wanaume wachache. Walichanga miaka mitatu wakanunua Land Rover ndefu ya kupeleka maziwa. Siku moja stata ikafa kabisa. Mimi nilikuwa mjini, wakanipigia simu, wakasema, "Fundi, ukirudi kesho tuletee stata, pesa tunatuma." Nikawaambia wanisomee namba ya chesi kwenye logbuku. Wakanisomea. Ilianza na 918. Nikajiona mjuzi sana, nikasema hiyo ni Land Rover ndefu ya dizeli. Nikaenda kwa muuza spea, nikanunua stata ya dizeli, kubwa, nzito, ya bei. Kesho yake nikashuka kwenye matatu nimeibeba begani kama mtu aliyebeba mbuzi. Nikafungua boneti. Ndani mlikuwa na plagi nne na distributa. Injini ya petroli!

Muuza spea alikataa kuirudisha. Pesa za akina mama zikawa chuma kilicholala sakafuni. Na kwa kuwa maziwa hayangoji, tukaanza kuwasha gari kwa hendeli kila alfajiri tukitafuta pesa nyingine. Siku ya tisa hendeli ikarudi nyuma ikanivunja. Nilikuwa nasoma namba, ndiyo, lakini nilisoma namba moja tu, na niliisomea kwenye karatasi.

Basi, namba. Gari hizi zilitoka Solihull, Uingereza, kwa kampuni ya Rover. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Zile tunazoziona huku zaidi ni Series II iliyoanza 1958, IIA iliyoanza 1961, na Series III iliyoanza 1971 ikaendelea mpaka 1985. Nyingine zililetwa zikiwa nzima. Nyingine zililetwa vipande vipande ndani ya makasha zikaunganishwa hapa nchini, na wazee wengi mnakikumbuka kiwanda cha Leyland Kenya pale Thika kilichoanzishwa mwaka 1974. Hilo la vipande mliweke akilini, maana limeandikwa kwenye namba.

Namba ya chesi imegongwa kwenye chuma cha chesi chenyewe, mbele upande wa kulia, pale ncha ya chesi inaposhika springi ya mbele. Kulia namaanisha kulia kwako ukiwa umeketi ndani ya gari ukitazama mbele. Pale pana matope na kutu na rangi za watu watano. Usikwaruze na tindo! Loweka mafuta ya taa, subiri, pangusa, kisha sugua kwa brashi ya waya polepole. Baadaye paka chaki nyeupe halafu futa juu juu kwa kitambaa. Chaki hubaki ndani ya mitaro ya namba na unaisoma kama gazeti. Namba hiyo hiyo iko pia kwenye kibati kidogo ndani ya kebini, lakini kibati hushikwa na ribiti, na ribiti hung'oka kwa dakika mbili. Chesi ndiyo shahidi.

Sasa tarakimu tatu za kwanza. Kwa IIA, fupi ya petroli ni kati ya 241 na 245, ndefu ya petroli ni 251 hadi 255, fupi ya dizeli 271 hadi 275, ndefu ya dizeli 276 hadi 280. Kwa Series III, fupi ya petroli ni 901 hadi 905, fupi ya dizeli 906 hadi 910, ndefu ya petroli 911 hadi 915, ndefu ya dizeli 916 hadi 920. Zile ndefu za abiria zenye milango mingi zina namba zao, na zile za silinda sita pia, nisiwachoshe. Fupi ni ile ambayo toka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 88, kama sentimita 224. Ndefu ni inchi 109, kama sentimita 277. Hata utepe wa fundi cherehani utakupa jibu.

Mmoja wenu huko amenong'ona, "Mbona namba tano kwa kila aina?" Swali zuri. Ya kwanza katika kila tano ni gari la kuuzwa kwao Uingereza. Ya pili ni usukani wa kulia, la kuuzwa nje likiwa zima. Ya tatu ni usukani wa kulia, limetoka kwa vipande. Ya nne ni usukani wa kushoto likiwa zima, na ya tano ni usukani wa kushoto kwa vipande. Kwa hivyo huku kwetu unategemea kuona ya pili au ya tatu. Tazama ile 918 yangu: 916 ni ya Uingereza, 917 imekuja nzima, 918 imekuja vipande, ndefu, dizeli. Nilikuwa nimeisoma sawa kabisa! Chesi hiyo ilitoka kiwandani ikiwa ya dizeli. Kiwanda hakikusema uongo. Lakini kiwanda hakijui kilichofanyika miaka thelathini baadaye chini ya mwembe.

Ukikuta chesi inaanza na 913 na muuzaji akakuapia kwamba gari lilikuja zima kutoka Uingereza likiwa la padre fulani, muulize tena polepole. Na ukikuta 244 au 904 huku usukani uko kulia, kuna mtu alihamisha usukani. Yaweza kuwa kazi nzuri, yaweza kuwa mbaya, lakini ilifanyika, na wewe una haki ya kujua.

Mwishoni mwa namba kuna herufi: A, B, C na kuendelea. Watu wengi hudhani ni mwaka. Sivyo. Kiwanda kilibadilisha herufi kila kilipobadilisha kitu ambacho fundi anahitaji kukijua akitengeneza. Ukienda kununua spea bila ile herufi, waweza kupewa kitu kinachofanana na chako kama mapacha, na kisiingie. Iandike. Zile za mwisho, kuanzia mwisho wa 1979, zina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na SAL. Hizo ni habari nyingine.

Haya, tuje kwa injini. Namba yake imegongwa upande wa kushoto wa bloku, mbele, juu karibu na pale bloku inapokutana na kichwa, jirani na manifoldi ya ekzosi. Hapo pia tumia chaki. Na usichanganye namba iliyogongwa na namba iliyovimba. Iliyovimba ilitoka kwenye kalibu wakati chuma kilipomiminwa. Hiyo ni namba ya aina ya bloku, na bloku nyingi sana zinayo hiyo hiyo moja. Iliyogongwa imezama ndani, na ndiyo ya injini yako peke yake. Nimeona logbuku, tena kwa macho haya, ambayo mtu aliandikisha namba iliyovimba. Ni kama kumwandika mtoto shuleni jina lake "Mtoto".

Usishtuke namba ya injini isipofanana na ya chesi. Hata kiwandani hazikuwa zinafanana. Unachotaka ni kila moja ifanane na logbuku: chesi na chesi, injini na injini.

Halafu itazame ile sehemu yenyewe. Namba za kiwanda zimegongwa kwenye uso uliolala sawa, na alama za mashine za zamani zinaonekana chini yake. Ukiona uso umechimbika kuliko chuma kilicho kando, au una mikwaruzo ya grenda, au kuna mstari wa welding kuzunguka, au namba moja imezama sana na nyingine imekwaruza tu, weka kalamu mfukoni na pesa mfukoni. Usibishane na muuzaji. Sema utarudi. Gari lenye chesi iliyofutwa laweza kuchukuliwa na polisi, na kikundi kikabaki na kamba ya kulivutia. Mhazini atawaeleza nini wanachama?

Na kama injini imebadilishwa kihalali, hakuna dhambi, injini huchoka. Lakini badiliko hilo lazima liandikishwe. Siku hizi kazi hiyo iko kwa NTSA. Dai karatasi ya kununulia ile injini siku ile ile unanunua gari, maana baadaye muuzaji hapatikani. Kile kikundi cha maziwa hakikuwa na karatasi hiyo. Ilichukua miezi kumtafuta mtu aliyeuza injini, tukamkuta amehamia wilaya nyingine, na miezi hiyo yote maziwa yalipelekwa kwa baiskeli na punda. Mengine yaliganda njiani. Mama mmoja aliniambia, "Fundi, sisi tulinunua gari, wewe ukatununulia stata, na bado tunatembea." Sikuwa na la kumjibu.

Sasa stata yenyewe. Zamani magari yote yaliwashwa kwa hendeli. Mmarekani mmoja, Charles Kettering, ndiye aliyetengeneza mfumo wa stata ya umeme uliowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, na tangu hapo mikono mingi imepona. Wazo ni rahisi. Mota ndogo yenye nguvu ina kigia chenye meno machache. Flaiwili ya injini imezungukwa na ringi yenye meno mengi, kama mara kumi ya yale. Mota ikizunguka mara kumi, injini inazunguka mara moja, na hivyo kidogo kinasukuma kikubwa, kama vile baiskeli yenye gia nyepesi inavyopanda mlima.

Kwenye Land Rover hizi kuna aina mbili, na hapo ndipo nilipoangukia. Ya petroli kwa kawaida ni stata ya Lucas ambayo kigia chake, kile mafundi huita bendiksi, kinakaa kwenye mhimili wenye mitaro ya kujipinda kama skrubu. Ukipiga swichi, mota inaruka ghafla, kigia kwa uzito wake kinachelewa, kwa hivyo kinasafiri kwenye mitaro mpaka kinaingia kwenye meno ya ringi. Injini ikiwaka, inazunguka haraka kuliko stata na kukitupa nyuma. Hakuna kinachokisukuma. Solenoidi ya aina hii iko mbali na stata, na kazi yake ni swichi tu. Ya dizeli ina solenoidi mgongoni. Hiyo kwanza inasukuma kigia kiingie kwenye ringi, halafu ndipo inaruhusu umeme mkubwa upite. Dizeli inahitaji hivyo kwa sababu injini ile inabana hewa mara 23, wakati ya petroli inabana mara 7 au 8. Ukiirushia kigia bila kukishika, kitaruka nje kabla injini haijawaka.

Kwa hivyo usipime stata kwa matundu ya bolti. Matundu yaweza kukaa sawa na bado ikakula ringi yako kwa wiki moja. Iondoe ya zamani, hata kama imekufa, iweke kando ya ile unayotaka kununua, kwenye meza ya muuzaji. Hesabu meno ya kigia. Pima urefu toka pale stata inapokaa kwenye nyumba ya flaiwili mpaka kwenye kigia. Tazama kigia kinasafiri kuelekea wapi, kwa sababu meno ya ringi yamechongwa mshazari upande ule kigia kinakotokea. Ringi iliyowekwa kinyume hugonga kama nyundo. Kisha zungusha kigia kwa mkono: zote mbili zizunguke upande mmoja.

Na stata nayo ina namba zake! Kwenye ganda, Lucas waligonga aina, kwa mfano M418G ambayo ni ya petroli, namba ya spea ya tarakimu tano inayoanza na 25, volti, na tarehe. Kwa zile za zamani tarehe ni mwezi na mwaka. Ukiona 6 67, ni Juni 1967. Za baadaye waligonga wiki na mwaka. Tarehe hukusaidia kujua kama stata ni ya umri wa gari lako ama ilitoka kwingine. Ukikuta namba inayoanza na 22 hapo umeuziwa dainamo, na nimeshuhudia hilo likitokea kwa kijana aliyetumwa dukani peke yake.

Kabla ya kuilaumu stata, washa taa kubwa kisha piga stata huku mwenzako anazitazama. Taa zikififia sana na injini isizunguke, umeme unafika, basi ama betri ni dhaifu ama stata imekwama. Taa zikibaki zinang'aa, umeme hauendi kabisa, tafuta kwenye solenoidi na terminali. Mara nyingi ni terminali. Stata hula umeme mwingi, ampea mia mbili na zaidi. Kutu kidogo kwenye terminali, ukinzani wa omu moja ya mia tu, hapo hapo umepoteza volti 2 kati ya 12. Macho hayaoni kitu, lakini stata inaona.

Na ule waya wa athi toka injini kwenda chesi! Injini imekalia mipira. Mpira haupitishi umeme. Waya ule ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, hupita kwenye kebo ya choki. Ukiona kebo ya choki inatoa moshi ukipiga stata, usitafute mchawi.

Kama stata imekwama meno ndani ya ringi, zima swichi, tia gia ya juu, sukumeni gari mbele na nyuma kidogo litajinasua. Ama, kwa zile za Lucas za petroli, tazama nyuma ya stata, ncha ya mhimili ina kona nne. Mara nyingine imefunikwa na kifuniko kidogo. Ishike kwa spana, izungushe, itatoka.

Wakati mwingine stata inasaga leo, kesho inashika vizuri. Hiyo mara nyingi si stata, ni ringi. Injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama mahali pawili pale pale, zikiwa zinatazamana, kwa hivyo meno ya hapo ndiyo yanayoliwa. Stata ikiwa nje, toa plagi, mwenzako azungushe injini kwa hendeli polepole, na wewe tazama kwa tundu la stata ukitumia tochi. Hesabu jino kwa jino. Ringi yaweza kutolewa, ikapashwa moto ipanuke, ikarudishwa ikiwa imegeuzwa mahali, lakini gia boksi lazima ishuke kwanza. Hiyo ni kazi ya siku mbili, msidanganywe ni ya saa mbili.

Sasa kufunga. Toa kwanza ule waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Sikusema hasi, nimesema unaokwenda kwenye bodi. Land Rover za zamani, mpaka kama 1967, ni chanya ndiyo ilikuwa athi. Wengi wameunguza vitu hapo. Ukianza na ule waya, spana ikigusa bodi hakuna cheche. Nyuso zinazokutana, stata na nyumba ya flaiwili, zisugue mpaka chuma king'ae, maana stata hupata athi yake hapo hapo. Rangi ni adui. Iingize stata, bolti zote mbili zianze kwa vidole, ndipo uzikaze moja baada ya nyingine. Ukitumia spana kabla ya vidole, utaikaza ikiwa imeegemea upande, na kigia kitaenda mshazari. Waya mkubwa mwisho, kisha betri, ule wa bodi ukiwa wa mwisho kabisa.

Mitaro ya bendiksi usiipake grisi. Najua mkono wa fundi hupenda grisi. Vumbi letu hili jekundu likikutana na grisi pale, huwa udongo wa mfinyanzi, na kigia hakisafiri. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, iache hivyo. Bushi mpya za shaba, zile zenye vitundu visivyoonekana, zilaze kwenye oili ya injini usiku kucha na mchana wake kabla ya kuzifunga. Komyuteta safisha kwa kitambaa chenye petroli kidogo, na usichimbe katikati ya vipande vyake kama tufanyavyo kwenye dainamo. Kwa stata haitakiwi.

Mzee mmoja aliniuliza asubuhi, kama athi yake ni chanya na stata aliyopata ilitoka kwenye gari la athi hasi, je, itazunguka kinyume? Hapana, mzee. Hizi za zamani zina koili pande zote, ndani na nje, zimefuatana. Ukigeuza betri, zote mbili zinageuka, na mzunguko unabaki ule ule. Lakini zile ndogo za kisasa zenye sumaku ndani, hizo zitazunguka kinyume. Uliza kabla ya kulipa. Dainamo ndiyo inayohitaji kuandaliwa upya ukigeuza athi, stata haijali.

Kwa nyinyi wa dizeli, neno moja tu. Plagi zenu za kupashia moto zimeungwa kwa kufuatana, moja ikiungua zote nne zimelala. Stata itazungusha mpaka betri ife, na mtanunua stata bure. Pimeni plagi kwanza.

Na hendeli. Bado yatumika, kwa hivyo sikilizeni vijana. Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imeshika. Gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usizungushie. Anza chini, vuta kuja juu. Usisukume kwenda chini kamwe. Ikirudi nyuma wakati unavuta, itakufungua vidole. Ikirudi wakati unasukuma, itakuvunja. Mimi nilisukuma, kwa sababu nilikuwa nimechoka na maziwa yalikuwa yamechelewa. Na ilirudi nyuma kwa sababu cheche ilikuwa inakuja mapema: mtu alikuwa amezungusha distributa kidogo akitafuta nguvu ya mlimani. Nilijua. Nilikuwa nimesema nitairekebisha Jumamosi.

Stata ya petroli tuliipata mwishowe, M418G, ya tarehe 4 69, kutoka kwa gari lililokuwa limezama nyasi nyuma ya shule. Tuliibadilishana na ile ya dizeli, sawa kwa sawa, na mwenyewe akaondoka akifurahi kwa sababu alikuwa na lori dogo lililoihitaji.

Sasa inatosha kuketi. Ile Land Rover iliyo chini ya mti imeletwa na kikundi cha huku, na mwenyekiti wao amekubali tuichafue mikono. Logbuku ninayo mimi na sijaifungua. Kila kikundi kitoe watu wawili. Nina chaki ya kutosha. Wawili wa kwanza waende kwenye chesi, wawili kwenye injini, wawili walale chini watazame stata, na mama katibu aandike kila namba kama inavyosomwa, herufi ya mwisho ikiwemo. Mkimaliza tutafungua logbuku pamoja tuone.